Kuaga Nyumba Zilizofungwa

Ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Bagamoyo ulianza kutoa kitambi karibu wakati ule ule nilipoanza kuota mvi, na kwa muda mrefu mambo yote mawili niliyatendea sawasawa, yaani niliangalia pembeni. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Aliijenga babu wa baba yangu kwa faida ya biashara ya mbata, katika mtaa ambao siku hizi watu wanakuja kuupiga picha. Baba alipofariki, kaka zangu waliupiga ukuta ule plasta ya saruji ili nyumba ipendeze siku ya arobaini, na kweli ikapendeza. Kumbe maji ya mvua yakawa yanaingia kwa juu, chini ya bati, yakifika ndani hayana pa kutokea, na mawe yakaanza kulegea taratibu bila kumwambia mtu.

Nyuma ya ukuta huo ndipo alipokuwa akilala shangazi yangu. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na mama yangu alipokufa nikiwa mdogo ndiye aliyenichukua akanilea mpaka nikaolewa. Macho yake yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, akawa anaona watu kama vivuli vinavyopita, lakini masikio yalikuwa mazima kuliko yangu. Alikitaka chumba cha mbele kwa sababu ya dirisha. Akikaa pale alijua nani kapita, kavaa kandambili au viatu, na kama anakwenda sokoni au anakwenda kugombana.

Kabla ya masika nilimleta fundi auangalie ukuta. Aliuwekea kiganja, akaugonga hapa na pale, kisha akaenda kuketi barazani akaomba maji ya kunywa. Alisema dawa ni kuubomoa na kuujenga upya, hakuna nyingine, na kwamba yeye asingemlaza mama yake chini yake. Nikaenda ofisi ya majengo ya kale. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa nyumba ile ni ya kihistoria, haibomolewi hata ukuta mmoja bila kibali, na kibali hakitoki mpaka wataalamu waje waione. Nikauliza watakuja lini, nikaambiwa watakuja. Bado wanakuja.

Basi likabaki jambo moja, kumtoa shangazi na kumleta kwangu Bunju kabla mvua hazijaanza. Niliandika hivyo kwenye kundi letu la simu la familia, na kaka zangu wote wakaweka dole gumba. Kaka mkubwa akaongeza kwamba mimi ndiye ninayemweza. Katika ukoo wetu maneno hayo tafsiri yake inajulikana, kwamba kazi ni yako na wao wanakuombea.

Nilimpigia shangazi simu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akasema sawa, atakuja. Alikubali haraka kiasi kwamba nilipokata simu nilipata wasiwasi kama anaumwa. Jumamosi nikakodi kirikuu cha kubebea vitu, nikafika asubuhi, nikamkuta ameketi barazani amevaa buibui, amejifunga mtandio, bakora mkononi. Ndani hakuna kilichofungwa. Kitanda kimetandikwa, kabati limejaa, sufuria ziko zinapokaaga siku zote.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani kwangu mmoja mmoja mpaka paka. Kisha akasema, "Nitakuja, mwanangu. Lakini niache kwanza niage."

Nikasema ni haki yake. Kwetu mtu anayehama hatoki hivihivi. Anawapitia wale aliokaa nao, nyumba kwa nyumba, anawaambia amekuja kuaga na anataka radhi zao, nao wanamwambia wamempa radhi, na yeye awape. Huenda mmoja aliwahi kumsema mwenzake, huenda kuku wa huyu alikula mpunga wa yule, basi yote yanafutwa hapo mlangoni. Anayeondoka bila hilo anahesabiwa kama aliyetoroka. Nilimwambia dereva atusubiri, tutakuwa tumemaliza kabla ya adhuhuri. Dereva alikuwa mwenyeji wa Dunda, humo humo Bagamoyo, akanitazama kwa huruma ambayo siku ile sikuielewa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu wa mbele, mama mmoja anayechoma maandazi, ambaye mama yake na shangazi walikuwa wakichota maji pamoja. Pale mambo yalikwenda inavyotakiwa. Tuliketishwa, tukaletewa chai ya tangawizi, wakalia kidogo, wakacheka sana, wakapeana radhi mpaka mimi mwenyewe nikahisi nimesamehewa kitu. Tulipotoka jua lilikuwa limepanda. Nikajiambia tukienda kwa mwendo huu tutafika.

Nyumba ya pili ilikuwa na kufuli. Kufuli lenyewe limeota kutu, na juu ya kizingiti nyigu wamejenga. Wenyewe walihamia Maskati zamani, waliobaki wako Dar, na sijui kama kuna hata mmoja anayekumbuka ufunguo uko wapi. Shangazi alisimama mbele ya mlango, akajiweka sawa mtandio, akasema hodi.

Akangoja. Anayepiga hodi kwa adabu hana haraka. Anangoja kiasi cha mtu wa ndani kumaliza rakaa, au kutoka bafuni, au kutafuta khanga ya kujifunika. Nilikuwa nimemshikia mwavuli na jasho linanitiririka mgongoni. Akasema hodi mara ya pili, akangoja vilevile. Akasema mara ya tatu. Halafu akageuka.

"Tutarudi," akasema.

"Shangazi, hapa hapana mtu."

"Hakujibu mtu. Basi tutarudi."

Hiyo ndiyo sheria, na sikuweza kumbishia kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unaondoka bila kinyongo, unarudi siku nyingine. Nilipokuwa mtoto nilichapwa kwa kuchungulia dirishani baada ya hodi ya tatu. Wala hapana popote niliposikia pamesemwa ufanyeje kama nyumba imekaa miaka na miaka haijibu.

Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri. Nilidhani naujua mtaa ule, nimekulia humo, nikaona siku ile kwamba nilikuwa naijua barabara tu. Kila tulipopita shangazi alikuwa na nyumba. Hii ilikuwa na kisima cha maji ya chumvichumvi yaliyofaa kuoshea nywele. Hii walikuwa wanakaanga kababu mwezi wa Ramadhani, na mtaa mzima ukifuturu kwa harufu yao. Hii biharusi alikaa ndani siku zote za fungate, alipotoka akakuta mume ameshasafiri. Nyingine zilikuwa zimebaki kuta mbili na mwarobaini umeota sebuleni, na yeye akasimama hapo palipokuwa mlango akapiga hodi zake tatu. Kuna mahali nilipita moja kwa moja, uwanja mtupu wenye mbuzi wawili na tairi, akanivuta mkono. Aliniambia nimepita nyumba ya watu. Akapiga hodi hewani, akangoja, mbuzi wakatutazama.

Nyumba moja imegeuzwa kuwa ya wageni, imepakwa rangi nyeupe na kuwekewa taa za ukutani, na ni hiyo tu iliyojibu haraka. Mlinzi alisema karibu mama kabla hodi ya kwanza haijaisha. Shangazi akamwamkua vizuri, akawaulizia wenye nyumba. Mlinzi akasema bosi yuko Dar ila vyumba vipo. Akamshukuru. Tulipofika mbali kidogo akasema yule kijana hana kosa, lakini kakaribisha nyumba isiyo yake, kwa hiyo na hapo tutarudi.

Kundi la watalii lilitukuta kwenye gofu moja karibu na pwani. Aliyekuwa akiwatembeza alikuwa anawaeleza juu ya misafara na pembe za ndovu, akanyamaza aliposikia hodi, akaniuliza kwa heshima mama anafanya nini. Nikamwambia anaaga. Akawatafsiria, wakavua kofia zao, mmoja akaweka mkono kifuani. Nilitamani kuwatukana kwa sababu nilikuwa nimechoka na nina kiu, lakini walikuwa na adabu, nikakosa pa kuanzia.

Dereva tulimkuta amekwisha kwenda. Alimwachia ujumbe yule mama wa maandazi kwamba nikiwa tayari nimpigie.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Nilidhani hesabu itapungua, nikakuta inaongezeka. Nyumba ambazo watu wapo, pengine mama alijibu lakini mkwewe alikuwa hospitali, basi lazima turudi kwa ajili ya mkwe. Nyumba ambazo watu hawapo zilibaki vilevile, na kila wiki shangazi alizianza tena kwa hodi ile ile, sauti ile ile isiyo na haraka, kana kwamba wiki iliyopita walikuwa bafuni. Nilimwambia waliohama wengine wamekufa. Alisema anajua, amewasomea. Nilimwambia wengine walikwenda Chalinze, wengine Vigwaza mashambani, mimi nitampeleka huko kwa gari akawaage mmoja mmoja. Akaniuliza nitampelekaje kwa watu nisiojua wanakaa mtaa gani, na akawa na haki, kwa sababu niliwauliza wengi na hakuna aliyejua.

Ukuta nao haukutungoja. Mwanzo nilikuwa naingiza kidole kwenye ufa, baadaye nikaingiza kiganja. Nilimhamishia kitanda chumba cha nyuma, mimi na yule jirani, tukahangaika nacho kupita mlango mwembamba mpaka nikaumia kiuno. Niliporudi nikakikuta dirishani pale pale. Alikuwa amewaomba vijana waliokuwa wanapita wamrudishie, na nani angekataa kumsaidia bibi kizee anayeomba kwa upole?

Nikaenda kwa imamu wa msikiti wetu. Nilimweleza yote nikiwa nimekaa kwenye ngazi, naye akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kuhama Bagamoyo kwenda Bunju si safari ya kuhiji, na mtu akishindwa kuwapata watu anawaombea dua, inatosha. Nikamwomba amwambie yeye mwenyewe. Akaja siku ile ile baada ya alasiri, akapiga hodi, akakaribishwa, nikabaki uani nikichambua mchele ili nisionekane nasikiliza. Walikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa anafuta macho. Alisema alishindwa kumkataza mtu kutafuta radhi, na kwamba yeye ameshampa za kwake. Nilimshukuru.

Nilikuwa na hasira siku zile, nisiseme uongo. Niliwakasirikia kaka zangu na madole gumba yao, nikazikasirikia saruji na ofisi, nikawakasirikia watu wa Maskati kwa kwenda Maskati. Shangazi sikuweza kumkasirikia kwa sababu hakunikatalia hata mara moja. Mtu akikataa unagombana naye, unalia, unamshinda au anakushinda. Huyu kila nikimuuliza alisema atakuja, na alikuwa mkweli. Kilichotuzuia ni watu ambao hawakuwepo, na sijui mtu anagombanaje nao.

Wazo la kujibu tulilipata pamoja, mimi na jirani. Tulikuwa tunasukuma maandazi asubuhi moja yenye mawingu mazito, akasema kwa utani kwamba laiti wangejibu hata wawili watatu, bibi angeridhika. Tukatazamana. Kisha yeye akasema anaweza kumshika mkono akampeleka kwa mbele, kama mimi naweza kupita kwa nyuma.

Tulichagua gofu la shoga yake shangazi. Walikuwa marafiki tangu utotoni, walichezwa ngoma pamoja, wakaolewa msimu mmoja, wakafiwa na waume. Mlango wa nyumba ile uliuzwa zamani, fremu imebaki. Nilipita kwa nyuma mahali mbuzi wanapopita, nikajikwaruza goti, nikajibanza nyuma ya kipande cha ukuta palipokuwa chumba. Kulikuwa na harufu ya popo na ya majani mabichi. Nilijiona mjinga. Mwanamke mwenye wajukuu, nimejificha kwenye gofu mchana kweupe, nangoja kupigiwa hodi.

Nilisikia bakora yake kabla ya sauti. Akasema hodi, nikakohoa, na ulimi wangu ukakataa. Akangoja kwa ule muda wake. Akasema tena, na nikafungua mdomo hewa ikatoka tupu. Mara ya tatu niliikunja sauti ifanane na ya bibi kizee, nikasema karibu.

Hakushtuka. Nilichungulia nikamwona anapapasa kwa bakora mpaka akaipata baraza iliyobaki, akaketi juu yake, uso ameuelekeza ndani. Jirani aliinamisha kichwa akawa anatazama miguu yake. Shangazi akaniuliza habari za tangu siku zile, nikasema njema. Akasema amekuja kuniaga, anahama, na kwamba hakuja kulaumu ila kuna neno limemkaa.

Akalieleza polepole. Shoga yake hakumwaga. Wanawe walikuja na gari asubuhi moja, mama yao akiwa mgonjwa, wakasema wanampeleka Dar kutibiwa na wiki ijayo atarudi. Kwa hiyo hakupita kwa mtu. Aliinua tu mkono garini, na shangazi dirishani akainua wa kwake, akarudi kumenya viazi. Wiki ikapita. Habari iliyokuja ni kwamba ameshazikwa huko huko. Shangazi alisema hakumfikiria vibaya hata siku moja, maana hakuondoka, aliondolewa.

Nilikuwa namsikiliza mgongo wangu ukiwa ukutani, nikaelewa kwamba miezi yote ile sikuwa nimeambiwa jambo hili kwa sababu sikuuliza.

"Nikuulize," akasema. "Huko walikokuweka, walikuwa wakikupigia hodi kabla hawajaingia chumbani kwako?"

Nikakiona chumba nilichomwandalia kule Bunju. Kizuri, kina feni na pazia jipya. Ni njia ya kwendea stoo. Mle ndani ndimo ilimo pasi, ndimo wajukuu wanamochajia simu, na mlango wake haujawahi kufungwa tangu tujenge. Nyumbani kwangu watu hawapigi hodi. Wanasukuma mlango huku wanaongea, na mimi ni mmoja wao. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi, na kumridhisha ndiko kulikonipeleka kwenye gofu lile.

"Hapana," nikasema, na ikatoka sauti yangu mwenyewe.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaitarajia. Halafu akasema, "Basi toka humo, mwanangu. Magofu yana nyoka."

Tulirudi ameshika mkono wangu. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alisema alinijua tangu nilipokohoa hodi ya kwanza, na kwamba nimekohoa hivyo tangu utotoni. Nikamwahidi mambo mengi njiani. Kwamba stoo nitaihamisha, nitaweka kitasa, watoto nitawafunza na anayeingia bila hodi nitamtandika, wakubwa kwa wadogo. Akasema inshallah, kwa ile namna ambayo mtu anaisema ili usijisikie vibaya. Akasema atakuja, zimebaki nyumba chache. Nilijua si chache, naye alijua kwamba najua. Nilimfikisha, nikamwekea maji ya kuoga, nikapanda gari kurudi Bunju.

Wiki ile masika yakashuka. Nilimpigia simu asubuhi na jioni, na kila mara alisema ukuta upo, akacheka. Mafundi niliowatafuta waweke angalau nguzo za kuushikilia walisema mvua ipungue kwanza. Nilihamisha stoo. Nilinunua kitasa, kikawekwa, wajukuu wakakichezea siku nzima.

Ukuta ulianguka siku ya kazi, alasiri, yeye akiwa uani anatia maji ya udhu. Jirani ndiye aliyenipigia, nikasikia kwanza anasema mzima, mzima, ndipo akaeleza. Niliondoka na nguo za jikoni. Mvua ilikuwa inanyesha kutoka Mapinga mpaka naingia mjini, na nilipofika nilikuta kaka zangu wamenitangulia, hata yule wa Kibaha ambaye siku zote gari lake huwa gereji.

Mtaa mzima ulikuwa umesimama barabarani. Nyumba ilikuwa imefunguka mbele, mawe na vipande vya plasta yetu vimelala mpaka katikati ya njia, na chumba chote kiko wazi mbele ya watu, kabati lenye kioo, chandarua kimefungwa fundo, picha ya Makka. Boriti mbili zilikuwa zinaning'inia na bati linapiga kelele kwa upepo. Naye shangazi alikuwa amerudi kuketi kitandani mwake, buibui imelowa, uso ameuelekeza barabarani. Ilikuwa hatari kweli, sitaki mtu aniambie haikuwa. Tulikuwa tunaziona boriti zinavyocheza.

Majirani hawakuingia. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja mpaka pale ukuta ulipokuwa, wanasimama nje ya lile rundo la mawe na kusema hodi. Yeye anasema karibu. Wanampa pole, anapokea, anawauliza habari zao, wanarudi nyuma kumpisha mwingine. Walikuwamo hata watu wa mitaa ya mbali, wa Dunda juu, ambao hatukuwa tumewafikia. Nikaona anawaaga. Alikuwa anawaomba radhi mmoja mmoja pale pale kwenye mvua, na foleni ilikuwa bado ndefu.

Boriti moja ikalia. Kaka mkubwa akasema inatosha, gari lipo, twendeni, hatuwezi kumwacha shangazi afe kwa ajili ya maneno. Nilimshika shati nikamwambia angoje kidogo. Aliniuliza angoje nini, nikafungua mdomo kumweleza, nikaona sina maneno ambayo mtu mwenye boriti juu ya kichwa angeyasikiliza. Akaruka mawe, akaingia moja kwa moja mpaka kitandani, akamshika chini ya kwapa.

"Hujapiga hodi, mwanangu," shangazi akamwambia.

Kaka akacheka. Alidhani anatutania ili kututuliza. Kati ya wote waliosimama pale mimi peke yangu nilijua hakuwa anatania, na yeye aligeuza uso upande wangu, sijui kama aliniona. Nikapanda juu ya mawe. Sikusema hodi. Nikamshika mkono wa pili, tukamtoa.